Mkono Haukuwa Kwenye Hesabu

Kwenye ukuta wa sebule yetu huko Kariobangi, karibu na mlango wa jikoni, kuna mistari ya penseli. Mgeni akiiona hudhani tunampima mtoto urefu. Hakuna mtoto kwetu. Mistari hiyo ni ya mkono wa kulia wa shangazi yangu, mwanamke wa miaka 52 anayeuza chapati karibu na steji.

Mstari wa chini kabisa uko usawa wa kifua chake. Hapo ndipo vidole vyake viliweza kufika wiki ya kumi na mbili baada ya upasuaji. Titi la kulia lilikuwa limeondolewa pamoja na tezi za kwapani, zile ambazo wazee huita mitoki. Hospitalini walimtunza vizuri kidonda, wakamfundisha kumwaga maji ya kwenye mrija, wakampa tarehe ya kurudi. Alitoka na karatasi tatu. Hakuna hata moja iliyotaja mkono.

Nyumbani majirani walikuja na uji na ushauri. Ushauri ulikuwa mmoja: huo mkono usiusumbue. Usiinue sufuria, usifue, usikande unga, upumzishe. Basi akaupumzisha. Aliulaza kifuani kama mtu aliyebeba kitoto, na kadiri alivyoupumzisha ndivyo ulivyozidi kukataa. Siku moja alijaribu kuanika leso kwenye kamba akashindwa. Akanipa ile leso bila kusema kitu, akaingia ndani.

Niseme na hili, maana linahusika. Ada yangu ya chuo ilikuwa ikitoka kwenye zile chapati. Mkono uliposimama, na mimi nilisimama, mwaka wa tatu muhula wa kwanza. Simlaumu mtu. Ila nilibaki na swali ambalo sikuwa na darasa la kuliulizia: inakuwaje watu wenye ujuzi wa kutoa uvimbe ndani ya mwili wa mtu wasahau kwamba mtu huyo ana mkono? Nikaanza kusoma, kwa simu, usiku, bando ikiruhusu. Kumbe hawakusahau tu. Kuna wakati mkono ulitajwa wazi, ukapimwa, ukaonekana hauna uzito.

Twende Baltimore, Marekani, mwaka 1894. Daktari William Stewart Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins anachapisha matokeo ya upasuaji wa saratani ya matiti aliokuwa akiufanya hapo tangu 1889. Wazo lake lilikuwa rahisi na la kutisha. Aliamini saratani inaanza mahali pamoja, kisha inasambaa polepole kuelekea nje, kama mafuta kwenye kitambaa. Kwa hiyo ukikata mbali ya kutosha utaiwahi. Halsted aliondoa titi lote, msuli mkubwa wa kifua ulio chini yake na tezi zote za kwapa, vyote kwa kipande kimoja.

Tusimfanye shetani. Wakati ule wanawake wengi walikuja wakiwa na uvimbe mkubwa uliokwisha kupasuka, na kwa madaktari wengi saratani ilirudi palepale kwenye kovu muda si mrefu. Kwa Halsted ilirudi mara chache zaidi. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na ndiyo maana madaktari wa nchi nyingi walimfuata.

Lakini msuli wa kifua si pambo. Ndio unaovuta mkono kuja mbele: kukumbatia, kusukuma mlango, kusukuma chapati. Ukiuondoa na kuchimba kwapa, bega linabaki na kovu gumu mahali palipokuwa na nyama laini. Mkono nao unaweza kuvimba, kwa sababu tezi za kwapa ndizo zinazopitisha majimaji ya limfu kutoka mkononi kurudi kwenye damu. Barabara imefungwa, magari yanajazana. Halsted aliyajua haya. Katika andiko lake la 1894 aliutaja ulemavu wa mkono, kisha akauweka kando: ukilinganisha na uhai wa mgonjwa, alisema, si kitu. Akaongeza kwamba wagonjwa hawa ni wazee, wastani wao karibu miaka 55, na si watu wenye shughuli nyingi tena katika jamii.

Niliisoma hiyo sehemu mara mbili. Miaka 55. Shangazi amebakiza mitatu afike hapo, na ndiye anayelisha watu watano.

Kinachonishangaza zaidi ni stori nyingine ya Halsted huyohuyo, ambayo husimuliwa kama stori ya mapenzi. Nesi wake wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa akiungua ngozi ya mikono kwa dawa za kuua vijidudu. Majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890 Halsted aliagiza glavu nyembamba za mpira kutoka kampuni ya Goodyear ili kuiokoa mikono hiyo. Mwaka 1890 wakaoana. Glavu zile zikaja kuwa kawaida ya wapasuaji dunia nzima. Yaani huyu mtu alijua thamani ya mkono wa mwanamke. Aliijua pale mkono ulipokuwa na kazi aliyoiona kwa macho yake kila asubuhi. Mikono ya wale waliolala mezani, kazi yake ilikuwa mbali, kwenye majiko na mashamba ambayo yeye hakuyafikia.

Sasa shika mwaka huo huo, 1894, tuvuke bahari hadi London. Wanawake wanne wa kazi ya uuguzi na ukunga, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wanaanzisha chama cha wakandaji waliofunzwa. Magazeti yalikuwa yamejaa kashfa kwamba nyumba nyingi za kukanda mwili jijini ni madanguro yaliyobandikwa jina la tiba. Hawa wanne walitaka kuisafisha kazi yao. Wakaweka mitihani na masharti: hakuna kumkanda mtu bila maelekezo ya daktari, hakuna kujitangaza ovyo, hakuna kuwakanda wanaume isipokuwa daktari ameagiza. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na tangu 1944 kinaitwa Chartered Society of Physiotherapy.

Yaani upasuaji uliouchukua mkono ulichapishwa mwaka uleule ilipoanza kazi ya watu ambao wangeweza kuurudisha. Ila pande hizo mbili zilichukua zaidi ya nusu karne kukutana. Kwa nini?

Jibu moja ni vita. Vita vya Kwanza vya Dunia viliporudisha maelfu ya vijana wenye mabega yaliyovunjika na mikono iliyokauka, tiba ya viungo ilipata bajeti, vyumba na heshima. Mary McMillan, Mmarekani aliyesomea kazi hiyo Uingereza, alipelekwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed mwaka 1918, akafundisha wanawake wengine kuwarudisha askari kwenye hali ya kujitegemea, na mwaka 1921 akawa rais wa kwanza wa chama chao. Kwa askari swali lilikuwa wazi: huyu atarudi vipi kazini? Kwa mwanamke aliyetolewa titi, wengi waliona kupona kwenyewe kunatosha. Ashukuru yuko hai.

Na kusema kweli wengi walishukuru. Shukrani inaziba mdomo. Hata shangazi, nilipomwambia turudi hospitalini kuuliza kuhusu mkono, alinijibu, "Wewe mtoto, watu wamekufa na ugonjwa huu. Nikaombe mkono tena?"

Mtu aliyekataa kunyamaza alikuwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1952, New York, Terese Lasser alifanyiwa upasuaji ule wa Halsted. Alipozinduka alikuwa na maswali ya kawaida kabisa: mkono huu niuchezesheje, nitavaa nini, nimwambie nini mume wangu? Hakupata jibu la maana. Akajitungia mazoezi yake, na alipopata nafuu akaanza kuingia hospitalini kuwaona wanawake waliotoka kupasuliwa. Alikwenda na mfuko mdogo. Ndani kulikuwa na titi la muda la kuweka ndani ya sidiria, kipande cha kamba na mpira mdogo.

Kamba ilikuwa ya kupitisha juu ya mlango, mkono mzima uuvute ule mgonjwa kwenda juu. Mpira ulikuwa wa kuminya na kurusha. Na kulikuwa na zoezi lisilohitaji kifaa chochote: simama mbele ya ukuta, weka vidole, vitembeze kama buibui kwenda juu mpaka pale panapovuta, weka alama, kesho jaribu kuipita.

Madaktari kadhaa hawakumpenda. Alikuwa akiingia wodini bila ruhusa yao, mwanamke asiye na shahada ya udaktari, akiwaambia wagonjwa wao wanyanyue mikono. Kuna hospitali zilizompiga marufuku. Hakuacha. Mpango wake aliuita Reach to Recovery, na mwaka 1969 chama kikuu cha saratani cha Marekani kiliuchukua kuwa wake. Miaka 17 ya kubisha hodi.

Mwaka 1974 mpira mwingine ukaonekana na watu wengi zaidi. Septemba 28, Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alifanyiwa upasuaji huohuo wa titi la kulia. Enzi hizo neno saratani lenyewe lilinong'onwa, lakini yeye aliamua isifichwe. Siku chache baadaye picha zikatoka akiwa hospitalini, amevaa gauni la nyumbani, akimrushia mumewe mpira wa futiboli ya Kimarekani. Watu waliona mke wa rais mchangamfu. Aliyewahi kusimama mbele ya ukuta akitambaza vidole ataona kitu kingine: bega lililoanza kufanyishwa kazi mapema.

Wakati huo msingi wa Halsted ulikuwa tayari unatikisika. Mwaka 1948 David Patey wa London alionyesha upasuaji unaoacha msuli mkubwa wa kifua mahali pake. Kisha Bernard Fisher, daktari wa Pittsburgh, akauliza swali lililowaudhi wakubwa wake: je, kukata zaidi kunaokoa maisha zaidi? Kuanzia 1971 alisimamia utafiti wa wanawake zaidi ya 1,600, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipata upasuaji mkubwa wa Halsted, wengine mdogo zaidi. Miaka ikapita, waliopasuliwa kidogo wakaishi sawa na waliopasuliwa sana. Matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 25, yaliyotoka 2002, yalisema vilevile. Saratani haikuwa doa la mafuta. Kama imesafiri, inasafiri kwa damu pia, na msuli wa kifua hauizuii.

Fikiria maana yake. Karibu miaka 80 misuli ilikuwa ikikatwa kwa imani kwamba ndiyo bei ya uhai. Juni 1979 jopo la wataalamu lililoitishwa na serikali ya Marekani lilisema upasuaji wa Halsted usiwe tena tiba ya kawaida. Miaka ya 1990 wapasuaji wakajifunza kutafuta tezi za kwanza tu za kwapa, wazipime, na zikiwa safi waziache nyingine. Kila hatua hiyo ilirudisha kipande cha mkono.

Huku kwetu saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine, na wengi hufika hospitalini uvimbe umekwisha kukua. Kwa hiyo kutoa titi lote na kusafisha kwapa bado ni jambo la kila siku. Msuli wa kifua unabaki siku hizi, lakini kwapa bado linachimbwa, na mambo matatu yanaweza kutokea. Bega linakauka kwa sababu halitumiwi. Kamba nyembamba zinajitokeza chini ya ngozi kutoka kwapani kuelekea kiwiko, zimekazika kama kamba ya nguo iliyovutwa sana. Na mkono unaweza kuvimba, mara nyingine miezi au hata miaka baadaye. Shangazi alipata mawili ya kwanza.

Aliyetusaidia alikuwa kijana wa fiziotherapia katika kliniki ndogo tuliyoelekezwa na mteja wa chapati. Alimshika mkono taratibu akauzungusha hadi pale ulipogoma, akatazama zile kamba, akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa afya kumuuliza hivyo tangu ugonjwa uanze. Shangazi akaeleza: kukanda unga, kukata madonge, kusukuma, kugeuza. Kijana akachukua karatasi akachora hatua. Wiki za kwanza ukuta na kijiti cha ufagio, mikono miwili pamoja. Halafu kukanda donge dogo, kama la kitoto. Halafu kusukuma chapati moja, apumzike, mbili, apumzike. Alichofanya ni kuigeuza kazi yake kuwa dawa yake.

Na ule ushauri wa majirani? Usidhani walikuwa wajinga. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe ndio waliosema hivyo: usibebe mzigo kwa mkono huo, utavimba. Mwaka 1996, Vancouver, Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie aliamua kuujaribu ukweli wake. Aliwachukua wanawake 24 waliowahi kupata saratani ya matiti, akawafunza kwa hatua, kisha akawapandisha kwenye mashua ndefu ya mashindano wapige kasia, kazi inayomaliza mikono kuliko nyingi. Hakuna hata mmoja aliyevimba upya. Mwaka 2009 utafiti wa Kathryn Schmitz ulioshirikisha wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe wa mkono ulionyesha kwamba kunyanyua vyuma polepole, chini ya usimamizi, hakukuongeza uvimbe, na dalili zilizidi mara chache kuliko kwa wale wasionyanyua. Na mwaka 2021 Uingereza wakachapisha utafiti wa wanawake 392 waliokuwa katika hatari ya matatizo ya bega. Walioanzishiwa mazoezi na mtaalamu siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye kuliko waliopewa vijitabu tu.

Siku 7 hadi 10. Sisi tulianza wiki ya kumi na mbili, na hata hicho kijitabu hatukupewa.

Siandiki haya ili mtu aamke kesho abebe debe la maji. Kila mwili una mshono wake, na kuna wiki za kwanza ambazo bega halipaswi kuvutwa kupita kiasi. Ndiyo maana mtaalamu anahitajika. Lakini kama mama yako, dada yako, au wewe mwenyewe uko kwenye foleni ya upasuaji huu, uliza kabla ya kulazwa: mkono tutaanza kuuchezesha lini, na nani atatuonyesha? Uliza hata kama unaonekana msumbufu. Terese Lasser alionekana msumbufu kwa miaka 17.

Mistari yetu ukutani ilipanda polepole sana. Kuna wiki mbili ilibaki palepale, shangazi akasema ukuta umemchoka. Kuna siku ulishuka, baada ya yeye kujifanya shujaa akafua mablanketi. Mwezi wa nne alianika leso peke yake. Mwezi wa tano alirudi stejini, chapati 20 badala ya 80, mimi nikisukuma zilizobaki vibaya, wateja wakicheka umbo lake. Sasa anafika 60. Mkono wa kushoto una mstari wake juu ya yote, na wa kulia umebaki vidole vitatu chini yake. Kijana wa kliniki alisema huenda usifike. Shangazi alisema sawa, chapati haziko juu ya dari.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa ploti ya pili, ametoka hospitalini siku tisa tu, amekumbatia mkono wake kifuani. Shangazi hakumpa uji kwanza. Alimuuliza kama daktari amemruhusu kuunyanyua, akasema ameambiwa polepole, lakini hajaonyeshwa namna. Basi shangazi akamwandikia namba ya yule kijana, akamsimamisha mbele ya ukuta, akaniambia nilete penseli. "Ya rangi nyingine," akasema, "tusichanganye."

Mwenye nyumba anataka kupaka rangi Desemba. Tumemwambia asubiri.